Vitamini E na wenzake katika chakula cha kuku: nyama inapata nini?

Tuchukue kuku wawili wa nyama waliotoka banda moja na kuchinjwa asubuhi moja. Wa kwanza ameliwa mchana ule ule Njia Panda ya Himo, kwa ndizi na kachumbari, na aliyemla ameondoka ameridhika. Wa pili amekatwa vipande, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kulazwa ndani ya friza ya nyumba moja ya wageni barabara ya Marangu. Amekaa humo miezi mitatu, hadi msimu wa wapanda mlima ulipochangamka. Siku alipotolewa, mpishi hakukuta uozo wowote. Lakini sufuria ilipopata moto ilitoka harufu ya mafuta ya zamani. Mtu mwingine angesema ni harufu ya boksi lililonyeshewa. Wageni walikula kidogo, wakasukuma sahani pembeni.

Mpishi akimpigia mfugaji simu na kumuuliza, "Hawa kuku uliwalisha nini?", hajamwonea. Sehemu ya jibu iko kweli kwenye chakula walichokula kuku hao wiki za mwisho za maisha yao.

Katika maduka ya pembejeo siku hizi kuna unga na maji ya vitamini vinavyouzwa kwa maneno kwamba nyama itakuwa bora, laini, isiyoharibika haraka. Vingi vina vitamini E, vingine seleniamu, vingine vitamini C au dondoo za mimea. Wataalamu huviita kwa pamoja antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu mafuta. Je, mfugaji wa Himo, Makuyuni, Kilema au Mwika avinunue? Jibu linategemea sana jambo moja: nyama yako inakaa muda gani kati ya kisu na sufuria.

Kuoza na kuchacha ni vitu viwili

Nyama huoza kwa sababu ya bakteria. Ukiiacha mezani kwenye joto la tambarare ya Himo, bakteria huongezeka kwa saa chache, na nyama huteleza, hunuka na kuwa hatari kwa mlaji. Baridi kali ya friza huwasimamisha bakteria hao karibu kabisa.

Kuchacha ni jambo jingine. Hapa mharibifu ni oksijeni, hewa ile ile tunayovuta. Oksijeni huyashambulia mafuta yaliyomo ndani ya nyama na kuyavunja vipande vidogo vidogo vyenye harufu na ladha mbaya. Baridi ya friza hupunguza mwendo wa kazi hiyo lakini haiikomeshi. Ndiyo maana nyama inaweza kutoka kwenye friza bila kuoza na bado ikawa imechacha.

Kazi ya oksijeni tunaiona kila siku. Jembe lililoachwa nje hushika kutu. Ndizi za mtori zikimenywa na kuachwa wazi huwa nyeusi kabla maji hayajachemka, na kila mama wa huku mlimani anajua kuzitumbukiza kwenye maji au kuzipaka limau. Maji huzuia hewa isifike. Limau lina asidi, na pia lina vitamini C, ambayo ni antioksidanti. Anayepaka limau kwenye ndizi anatumia antioksidanti bila kuiita kwa jina hilo.

Kwenye mafuta, tatizo huenda kwa kuambukizana. Chembe moja ya mafuta ikishavunjwa na oksijeni, huivunja ya jirani, nayo huivunja inayofuata, kama moto kwenye nyasi kavu. Kazi ya antioksidanti ni kusimama katikati ya njia ya moto huo. Inajitoa yenyewe iunguzwe badala ya mafuta, na mnyororo unakatika. Ikiisha yote, moto unaendelea.

Mafuta yote hayaungui sawa. Mafuta mazito kama ya ng'ombe huchukua muda mrefu kuchacha. Mafuta mepesi, yanayobaki maji maji hata kukiwa na baridi, kama ya alizeti na ya samaki, huchacha upesi. Mafuta ya kuku yako katikati, lakini kuku ana tabia ambayo mfugaji anapaswa kuikumbuka: mafuta anayokula ndiyo anayoyaweka mwilini, bila kuyabadilisha sana. Ukimlisha alizeti nyingi, mafuta yake yatakuwa laini na mepesi kuchacha. Ukimlisha dagaa hadi siku ya kuchinja, utakula dagaa.

Kazi mbili zinazochanganywa

Hapa ndipo wafugaji wengi hupotezewa pesa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kuna antioksidanti inayowekwa ili kulinda chakula ndani ya mfuko. Viwanda vya chakula cha mifugo duniani vimetumia kwa miaka mingi kemikali kama BHT, BHA na etoksikwini kwa kazi hiyo. Etoksikwini ilisimamishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2017 kwa sababu wataalamu wa huko hawakupata taarifa za kutosha kuthibitisha usalama wake. Kemikali hizi huzuia mafuta ya kwenye chakula yasichache ghalani na vitamini zisife. Kwenye nyama yenyewe mchango wake ni mdogo.

Halafu kuna antioksidanti inayowekwa ili iingie mwilini mwa kuku na kukaa ndani ya nyama yake. Vitamini E ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop katika Chuo Kikuu cha California, Marekani, walipokuwa wakichunguza uzazi wa panya. Vitamini hii hupenda mafuta. Ikifyonzwa utumbuni, hujipachika kwenye kuta za chembe za mwili, pale pale ambapo mafuta mepesi yapo, na hubaki pale hata baada ya kuku kuchinjwa. Kuku hawezi kuitengeneza mwenyewe. Chote alichonacho kimetoka kwenye chakula.

Vitamini E inayouzwa dukani kama unga, kwa kawaida imefungwa kikemikali ili isiharibike kabla ya kufika kwa kuku. Ikiwa imefungwa hivyo, haifanyi kazi yoyote ndani ya mfuko wa chakula. Hufunguliwa utumbuni mwa kuku, ndipo huanza kazi. Kwa maneno mengine, ukiwa na mashudu yaliyoanza kuchacha ukayamwagia unga wa vitamini E, hujayaokoa. Unachofanya ni kumpa kuku uchafu na dawa kwa pamoja, na sehemu ya ile dawa itatumika kupambana na uchafu ule badala ya kwenda kwenye nyama.

Utafiti umeonyesha nini kwenye nyama

Suala la vitamini E na nyama ya kuku limechunguzwa kwa miongo kadhaa, hasa Ulaya na Marekani, na kuna mambo ambayo matokeo yake yanarudi yale yale.

Kuku wa nyama akipewa miligramu 100 hadi 200 za vitamini E kwa kila kilo ya chakula, kwa wiki tatu au nne za mwisho, nyama yake huchacha polepole zaidi kwenye jokofu na kwenye friza. Linganisha kiasi hicho na mahitaji ya kuku kuishi na kukua tu: Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994, liliweka miligramu 10 kwa kilo. Kwa hiyo dozi ya kulinda nyama ni mara 10 hadi 20 ya dozi ya kumlinda kuku. Mchanganyiko wa kawaida wa vitamini na madini unaochanganywa kwenye chakula, ule unaoitwa primiksi, umepangwa kwa ajili ya afya na ukuaji. Usitegemee utafikisha dozi hiyo.

Faida huonekana zaidi kwenye paja kuliko kidari. Paja lina mafuta mengi na madini ya chuma mengi, na chuma huchochea kuchacha. Huonekana zaidi kwenye nyama iliyosagwa au kukatwa vipande vidogo kuliko kwenye kuku mzima, kwa sababu hewa inafika kila mahali. Huonekana sana kwenye nyama iliyopikwa, ikalala, kisha ikapashwa moto. Ile ladha ya kiporo cha kuku, ambayo wengine hawaipendi kabisa, kwa sehemu kubwa ni mafuta yaliyochacha usiku mmoja. Wapishi wanaoandaa maboksi ya chakula cha mchana kwa wanaopanda kutoka lango la Marangu wanaijua ladha hiyo, maana kuku aliyekaangwa jioni huliwa kesho yake njiani kuelekea Mandara au Horombo.

Sasa mambo ambayo vitamini E haifanyi, au haifanyi kwa uhakika. Kuku mwenye afya, asiye na shida ya joto wala ugonjwa, kwa kawaida haongezeki uzito kwa kupewa vitamini E zaidi ya mahitaji yake. Nyama iliyochinjwa leo na kuliwa leo haionjeki tofauti. Kuhusu nyama kutotoa maji mengi inapokaa kwenye sahani, tafiti nyingine zimeona nafuu na nyingine hazikuona. Na hakuna antioksidanti yoyote ya kwenye chakula inayoua bakteria wa kuozesha au wa kuleta ugonjwa kwenye nyama. Muuzaji akikuambia nyama yako itakaa siku mbili nje ya jokofu kwa sababu ya vitamini, ondoka dukani kwake.

Chakula chenyewe kwanza

Mfugaji mdogo wa ukanda huu mara nyingi hachukui chakula cha kiwandani mwanzo hadi mwisho. Anaanza na cha dukani, kisha bei ikimshinda anachanganya mwenyewe: mahindi yaliyobarazwa, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, soya akipata, chokaa, chumvi na primiksi. Himo ni mahali pazuri kwa hilo. Mahindi hupita hapa kwa malori kuelekea Holili na Taveta, alizeti hulimwa tambarare, na ukishuka upande wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kule Chekereni na Mabogini, pumba za mpunga zinapatikana mashineni.

Uzuri huo una hatari tatu.

Pumba za mpunga ndizo zinazochacha haraka kuliko zote. Punje ya mpunga ina kimeng'enya kinachovunja mafuta, na mashine inapoikoboa hukiachilia kikutane na mafuta ya pumba. Kazi huanza siku ile ile. Kwenye joto, wiki mbili tu zinatosha kuzifanya pumba ziwe chungu. Anayenunua gunia kumi kwa mkupuo kwa sababu mashine imeshusha bei anajidanganya. Chukua za kutosha wiki moja au kumi siku, zilizokobolewa karibuni, na uziache mashineni zile zilizorundikwa pembeni muda mrefu.

Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia hubaki na mafuta mengi, kwa sababu mashine hizo hazikamui hadi mwisho. Kwa upande mmoja ni nguvu ya bure kwa kuku, na mafuta ya alizeti yana vitamini E yake ya asili. Kwa upande mwingine ni mafuta mepesi yaliyokwisha kupashwa moto na kusagwa, na yameanza safari ya kuchacha. Mashudu mazuri yananukia kama karanga zilizokaangwa. Yaliyochacha yana harufu kali ya rangi ya mafuta au ya sabuni ya zamani. Chukua kiganja, yasugue kati ya viganja viwili hadi yapate joto, kisha nusa. Pua yako ni kipimo kizuri kuliko maelezo ya muuzaji.

Dagaa ni tatizo la tatu, na kwa maoni yetu ndilo linaloharibu nyama nyingi kuliko yote. Mafuta ya dagaa ni mepesi sana, na dagaa wamekaushwa juani kwa siku kadhaa, wakasafirishwa kutoka Kanda ya Ziwa, wakakaa ghalani. Wengi wamekwisha kuchacha kabla ya kufika kinuni. Harufu yao hupita moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya kuku. Tiba ni rahisi na ni ya bure: wiki mbili za mwisho kabla ya kuuza, toa dagaa kabisa kwenye mchanganyiko na uweke soya iliyokaangwa au kuchemshwa badala yake. Mfugaji anayefanya hilo peke yake, bila kununua kitu kingine, atasikia tofauti kwenye sahani kuliko yule anayemwaga vitamini huku akiendelea na dagaa.

Juu ya hayo kuna ukungu. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini la kuku na kumaliza akiba yake ya antioksidanti. Inaua watu pia: mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20. Mahindi ambayo nyumba imeyakataa kwa sababu ya ukungu yasipelekwe bandani kwa kisingizio kwamba yatasagwa na kuchanganywa na vitamini.

Chakula kikishachanganywa, kisikae zaidi ya wiki mbili au tatu. Kiweke juu ya kichanja cha mbao, mbali na ukuta, mahali penye kivuli. Chumba cha bati kisicho na dari, mwezi wa pili, ni tanuri. Primiksi nayo ifungwe vizuri na iwekwe gizani, maana mwanga, joto na unyevu huua vitamini zilizomo. Soma tarehe kabla ya kulipa.

Hesabu ya vitamini E

Tuseme chakula chako ni kizima, na unauza kuku waliochinjwa kwa hoteli inayogandisha. Itakugharimu kiasi gani?

Kuku wa nyama hula takribani kilo 2.5 hadi 3 katika wiki tatu za mwisho. Kuku 100 watakula kilo 250 hadi 300. Kwa dozi ya miligramu 200 kwa kilo, unahitaji gramu 50 hadi 60 za vitamini E halisi. Unga unaouzwa mara nyingi una nusu yake tu vitamini, nusu nyingine ni kibebeo. Angalia lebo: ikiandikwa asilimia 50, basi unahitaji gramu 100 hadi 120 za unga kwa kuku 100. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya kilo.

Kwa hiyo chukua bei ya kilo moja ya unga huo, igawe kwa 1,000, na utapata karibu gharama ya kila kuku, pengine na nyongeza kidogo. Kwa mfano wa hesabu tu, kilo ikiwa shilingi 50,000, kila kuku atakugharimu shilingi 50 hadi 60. Kwa mtu mwenye mteja wa friza, hiyo si pesa ya kumkosesha usingizi. Kwa mtu anayeuza kuku hai sokoni, ni pesa ambayo mnunuzi hatairudisha, kwa kuwa hataona wala kuonja alicholipia.

Gramu 120 ndani ya kilo 300 ni kidogo mno kuchanganywa kwa koleo mara moja. Anza kwa kuuchanganya unga na kilo mbili za mahindi yaliyosagwa laini. Hizo zichanganye na kilo 20. Hizo 20 zichanganye na zilizobaki. Usipofanya hivyo, kuku mmoja atakula dozi ya kumi na wengine hawatapata kitu.

Vitamini za kuweka kwenye maji, zinazotolewa siku tatu au tano, zina kazi yake wakati wa chanjo, kuhamisha vifaranga au joto kali. Kwa kujaza nyama, siku tano hazitoshi. Nyama hujazwa kwa wiki, taratibu.

Seleniamu: kidogo sana, na usiipime mwenyewe

Vitamini E ina mwenzake, madini ya seleniamu. Mwaka 1957 watafiti walionyesha kwamba seleniamu inazuia ugonjwa wa vifaranga kujaa maji chini ya ngozi, ugonjwa ambao vitamini E nayo huuzuia. Baadaye, mwaka 1973, ilijulikana sababu: seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kinachosafisha mabaki ya mafuta yaliyoanza kuvunjika mwilini. Vitamini E huzuia moto usienee, seleniamu huzima makaa.

Lakini seleniamu ni sumu ikizidi, na pengo kati ya faida na madhara ni jembamba. Marekani, ambako iliruhusiwa kwenye chakula cha kuku mwaka 1974, kiwango cha juu cha kuongeza ni miligramu 0.3 kwa kilo ya chakula. Hiyo ni karibu theluthi moja ya gramu, ndani ya tani nzima. Hakuna mizani ya nyumbani inayoweza kupima hivyo. Seleniamu ije ndani ya primiksi iliyotengenezwa kiwandani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na usijumlishe primiksi mbili ukidhani utapata faida mara mbili.

Tukiwa hapo hapo: kifaranga wa wiki mbili hadi nne anayeanguka, kurudisha kichwa nyuma au kupinda shingo anaweza kuwa na upungufu wa vitamini E, hasa kama chakula kimechacha. Lakini mdondo nao hupindisha shingo. Usiamue kwa macho. Mwite afisa mifugo wa kata kabla hujaenda dukani kununua chochote.

Majani, tangawizi na binzari

Kuku wa kienyeji anayezunguka kihambani anakula majani mabichi kutwa. Majani mabichi yana vitamini E na rangi za njano zenye kazi ya antioksidanti, na hiyo ni sehemu ya sababu mafuta yake ni ya njano na nyama yake inasifiwa. Sehemu nyingine ni umri na mazoezi, ambavyo havipatikani kwenye kopo. Rangi ya njano peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu mahindi ya njano nayo huitoa, ilhali mahindi meupe tunayolima wengi wetu hayatoi.

Unaweza kuwapa kuku wa ndani mchicha, majani ya mlonge au lusani, mabichi au yaliyokaushwa kivulini. Yakaushwe kivulini kweli, maana jua kali huua kile unachokitafuta. Unga wa majani ya mlonge usizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula, kwa sababu ukizidi kuku wa nyama hupunguza kula na uzito. Majani ya lusina yana sumu yake ya asili na yanahitaji tahadhari zaidi. Kwa kuku wa nyama tungeshauri kuyaacha yaende kwa mbuzi.

Kuhusu tangawizi, ambayo wenzetu wa Same huilima kwa wingi, pamoja na binzari na vitunguu swaumu: yote yana antioksidanti, na majaribio mengi duniani yameyapima kwenye kuku. Matokeo yanatofautiana mno, kwa sababu tangawizi ya shamba hili si sawa na ya shamba lile. Huko Ugiriki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mafuta ya mmea wa oregano, jamii moja na mnanaa, yalipunguza kuchacha kwa nyama ya kuku, lakini vitamini E ya miligramu 200 iliyashinda. Ukiwa na mabaki ya tangawizi, wape kuku. Kununua kilo za tangawizi sokoni ili kulinda nyama ni hesabu isiyokubali.

Siku ya mwisho

Joto hutumia akiba ya antioksidanti mwilini. Kuanzia Januari hadi Machi, banda lililojaa na lisilopitisha hewa linafuta kazi ya wiki tatu. Kuku hutengeneza vitamini C yake mwenyewe, lakini kwenye joto kali haimtoshi, na hapo vitamini C ya kwenye maji ina maana. Maji baridi na nafasi vina maana zaidi.

Kuku anayening'inizwa miguu juu kwenye bodaboda kutoka Kilema hadi Himo anafika amechoka na kuchubuka, na damu iliyovilia kwenye nyama ni chuma cha kuchochea kuchacha. Tumia tenga. Ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, acha maji. Damu itoke yote. Nyama ipozwe kwanza, kisha ifungwe kwenye mfuko hewa ikiwa imekamuliwa nje, na ndipo igandishwe. Usiiweke chumvi kabla ya kugandisha, kwani chumvi huharakisha kuchacha. Andika tarehe kwenye mfuko. Umeme ukikatika na nyama ikayeyuka, ipikwe, usiirudishe kugandishwa.

Vyakula vya mifugo nchini vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2010, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye kituo Arusha, hupima sampuli. Kwa kikundi cha wafugaji wanaonunua kwa pamoja, kupima mashudu au primiksi mara moja kwa msimu ni gharama inayogawanyika vizuri.

Kama bado una shaka iwapo vitamini E inakulipa, fanya jaribio bandani kwako. Tenga kuku 10 kwa wiki tatu za mwisho, wape chakula chenye dozi, na wengine 10 wa umri ule ule wape chakula kile kile bila dozi. Chinja siku moja, gandisha kwenye friza moja, mifuko ikiwa na alama. Baada ya miezi miwili pika mapaja ya pande zote mbili kwa chumvi tu, sufuria mbili tofauti, bila kuambia watu ipi ni ipi. Mwite na yule mteja wako wa hoteli aonje.